Nyota kubwa hufa mapema, na unaweza kupiga hesabu hiyo kwa simu

Usiku wa Januari, mbingu ikiwa wazi, hebu toka nje utazame juu. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja katika kundi la Orion. Karibu nazo kuna moja yenye wekundu, Betelgeuse.

Hiyo ni jitu. Uzani wake unakadiriwa kuwa kati ya mara 15 na 20 wa Jua letu. Ungedhani bado iko na maisha marefu mbele yake, sivyo? Wapi! Imeishi takriban miaka milioni 10 tu na tayari ni mzee. Jua lina miaka bilioni 4.6, na halijamaliza hata nusu ya safari.

Wataalamu wanajuaje? Fikiria bodaboda na trela. Tangi la trela ni kubwa, lakini unywaji wake wa mafuta ni balaa. Kwa hivyo, usiulize tu tangi lina ukubwa gani, uliza pia linamalizwa kwa kasi gani.

Kwa nyota, uzani ndio tangi na mwangaza ndio kasi ya kuchoma mafuta. Uzani mkubwa hukandamiza kiini, joto hupanda, na haidrojeni hugeuka heliamu mbiombio. Mwaka 1924, Mwingereza Arthur Eddington alieleza jinsi uzani na mwangaza unavyoendana. Kwa nyota nyingi, mwangaza ni uzani uliopandishwa kwa kipeo cha 3.5.

Sasa toa simu. Chukua nyota yenye uzani mara 16 wa Jua. Mafuta yake ni mara 16, lakini mwangaza ni mara 16,384. Gawanya: inamaliza mafuta mara 1,024 haraka kuliko Jua. Jua limekadiriwa miaka bilioni 10, kwa hivyo nyota hii inapata kama milioni 10 hivi.

Lakini usiiamini hesabu hii kila mahali. Kwa nyota yenye uzani mara 100, itakuambia miaka 100,000, ilhali ukweli ni karibu milioni tatu. Nyota zikiwa nzito kupindukia, mwangaza hauongezeki tena kwa kasi ile.

Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse ilififia, watu wakadhani eti inalipuka. Kumbe ni vumbi ililotema yenyewe. Sasa inachoma heliamu, na huenda mlipuko ukachukua hadi miaka 100,000. Hatua za mwisho ndizo za haraka zaidi: silikoni huisha kwa siku, si miaka. Kiini kikishakuwa chuma, hakuna cha kuchoma tena. Kinaporomoka, na nyota inalipuka.

Oksijeni unayovuta ukisoma haya, sehemu kubwa yake ilipikwa ndani ya nyota kama hizo, zilizokufa kabla Jua halijazaliwa. Zisingekufa mapema, tusingekuwa hapa kupiga hesabu.