Misuari: Gavana aliyepewa kiti, mfuko ukabaki Manila

BAADA ya zaidi ya miaka 20 ya mapambano ya silaha, Nur Misuari aliingia madarakani mwaka 1996 akiwa gavana wa jimbo la Waislamu kusini mwa Ufilipino. Miaka mitano baadaye alikuwa mahabusu, akikabiliwa na mashitaka ya uasi.

Kupanda na kuanguka kwake hakuwezi kueleweka bila kuitazama serikali ya jimbo aliyokabidhiwa. Kwa jina ilikuwa serikali inayojitawala, lakini fedha zake zilipangwa Manila.

Misuari, mzaliwa wa visiwa vya Sulu, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Ufilipino. Mwaka 1968 vijana wa Kiislamu waliokuwa wakipewa mafunzo ya siri ya kijeshi waliuawa katika kisiwa cha Corregidor, tukio lililowasha hasira miongoni mwa wasomi wa jamii ya Wamoro. Ni katika mazingira hayo ndipo kilipozaliwa Chama cha Ukombozi wa Taifa la Moro (MNLF), chini ya uongozi wake.

Rais Ferdinand Marcos alipotangaza sheria ya kijeshi mwaka 1972, vita kamili vilizuka. Desemba 1976, kwa usuluhishi wa Libya na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, pande hizo zilitia saini Mkataba wa Tripoli, ulioahidi utawala wa ndani katika mikoa 13.

Ahadi hiyo haikutekelezwa kama Misuari alivyotarajia. Marcos aliunda majimbo mawili badala ya moja, mapigano yakarejea, na kiongozi huyo akabaki uhamishoni hadi utawala wa Marcos ulipoanguka mwaka 1986.

Rais Corazon Aquino ndiye aliyeanzisha Jimbo Linalojitawala la Waislamu wa Mindanao, lililojulikana kwa kifupi kama ARMM. Katika kura ya maoni ya Novemba 1989, ni mikoa minne tu iliyokubali kujiunga: Lanao del Sur, Maguindanao, Sulu na Tawi-Tawi.

La ajabu ni kwamba mji wa Cotabato, uliokuwa makao ya serikali hiyo, ulikataa kuwa sehemu ya jimbo. Gavana alitawala kutoka katika mji asioutawala.

Septemba 2, 1996, Misuari na serikali ya Rais Fidel Ramos walitia saini mkataba wa mwisho wa amani. Siku saba baadaye alichaguliwa gavana bila mpinzani. Aidha, alipewa uenyekiti wa baraza la amani na maendeleo lililohusu eneo kubwa zaidi, na wapiganaji 7,500 walitengewa nafasi katika jeshi na polisi.

Tatizo lilikuwa katika muundo. Bajeti ya ARMM ilipelekwa kila mwaka katika Bunge la taifa na kujadiliwa kama bajeti ya idara nyingine yoyote ya serikali. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia kwenye mishahara. Baraza la amani nalo halikuwa na mamlaka ya kutunga sheria wala kutoza kodi.

Hivyo wananchi waliotarajia barabara, shule na maji walimdai gavana, naye gavana akaidai Manila. Serikali kuu kwa upande wake ilimlaumu kwa usimamizi mbaya. Aprili 2001, viongozi wenzake ndani ya MNLF walimwondoa katika uenyekiti.

Agosti mwaka huo ilifanyika kura nyingine ya maoni, ambayo Misuari aliipinga. Mkoa wa Basilan na mji wa Marawi ndio pekee walioongezeka. Novemba, siku chache kabla ya uchaguzi wa gavana mpya, wafuasi wake walishambulia kambi za jeshi huko Jolo. Alikimbilia Sabah, akakamatwa na kurejeshwa Ufilipino Januari 2002. Kesi ya uasi ilifutwa mwaka 2009.

Mwaka 2013 wapiganaji wa MNLF waliuvamia mji wa Zamboanga, na zaidi ya watu 100,000 waliyakimbia makazi yao. Wakati huo Manila ilikuwa ikizungumza na MILF, kundi lililojitenga na MNLF mwishoni mwa miaka ya 1970.

Mazungumzo hayo yalizaa mkataba wa mwaka 2014 na, mwaka 2019, jimbo jipya la Bangsamoro lililochukua nafasi ya ARMM. Murad Ebrahim wa MILF akawa waziri kiongozi wa mpito hadi Machi 2025.

Tofauti kubwa ipo kwenye mfuko. Sheria ya mwaka 2018 inaipa Bangsamoro ruzuku ya asilimia 5 ya makusanyo halisi ya kodi za ndani na forodha ya taifa, inayotolewa bila kuombwa Bungeni kila mwaka. Jimbo lenyewe ndilo linaloamua matumizi yake.

Safari hii mji wa Cotabato ulipiga kura ya kujiunga. Sulu, nyumbani kwa Misuari, ilikataa, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mkoa huo si sehemu ya Bangsamoro. Uchaguzi wa kwanza wa bunge la jimbo, uliopangwa kufanyika mwaka 2022, nao uliahirishwa zaidi ya mara moja.