Usilikaze Godoro la Upepo

"Daktari, godoro la upepo lipi ni gumu zaidi? Mgongo wangu hautaki kitu laini." Swali hili huniletea mwalimu anayekwenda kusimamia mitihani, mhudumu wa chanjo atakayelala kwenye ofisi ya kijiji, mama anayekwenda kumuuguza ndugu yake hospitali ya wilaya, na kijana aliyepangiwa kazi kambi ya wakimbizi. Hapa mkoani Kigoma nimelisikia Kasulu, nimelisikia Kibondo, na sasa limenifikia tena kutoka Gwarama, likiwa na nyongeza. Muulizaji alijaza godoro lake alasiri, jua likiwa kali, hadi likawa halibonyei hata kwa ngumi. Alfajiri akaamka limelegea na kiuno kinamkata. Akaamua mambo mawili: kwamba limetoboka, na kwamba kesho yake inabidi alijaze zaidi. Amekosea yote mawili, na hilo la pili ndilo linaloumiza watu.

La kutoboka nilimalize haraka. Hewa ikipoa husinyaa. Nyanda za juu za Kigoma zina mchana wa jua na usiku wa baridi, hasa Juni na Julai. Tuseme hewa uliyoijaza ilikuwa ya nyuzi 28, na alfajiri chumba kimeshuka hadi 14. Hewa hiyo imepungua ujazo kwa karibu sehemu moja ya ishirini, na hakuna tundu lolote. Ugumu wa godoro la upepo unatokana na hewa ya ziada kidogo sana, kwa hiyo upungufu huo unatosha kulilegeza. Tena plastiki mpya hutanuka siku za mwanzo. Jaza jioni, chumba kikishapoa, kisha liangalie tena kabla ya kupanda kulala. Kabla ya kuanza kutafuta tundu, fanya hivyo kwanza.

Sasa tuje kwenye ugumu, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. "Mgongo ukiuma, lala kwenye kitu kigumu." Kila mtu anaijua kauli hii. Fundi seremala anaijua, jirani anaijua, na wapo wagonjwa wanaoondoa godoro kitandani wakalala juu ya chaga tupu, wengine wakashuka sakafuni kwenye saruji, na wakaendelea hivyo kwa miezi huku maumivu yakiongezeka. Nikiwauliza kwa nini hawaachi, wananijibu kwamba dawa kali huuma.

Kosa hili halikuanzia kwa waganga wa mitaani. Lilitoka hospitali. Kwa miongo mingi madaktari wa nchi nyingi waliwaagiza wenye maumivu ya mgongo waweke ubao chini ya godoro na walale tu, wasiinuke. Agizo lilirithiwa kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi bila mtu kulipima. Lilipokuja kupimwa, halikusimama. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya kulinganisha wagonjwa walioambiwa walale siku mbili na walioambiwa walale siku saba. Waliolala siku mbili hawakupoteza chochote, tena walirudi kazini mapema. Mwaka 2003 jarida la The Lancet likachapisha utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake wa Hispania. Walichukua watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, baadhi wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani, na hakuna aliyeambiwa amepewa lipi. Baada ya siku 90, wa magodoro ya wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi kitandani, na hata katika kazi zao za mchana. Imepita miaka zaidi ya 20 tangu hapo. Sioni sababu ya mtu yeyote mwenye koti jeupe kuendelea kuagiza ubao.

Na sababu ya ugumu kutosaidia, mtu anaweza kuigusa kwa mkono wake mwenyewe. Mwili haukunyooka kama ukuta. Lala kwa ubavu kwenye sakafu ngumu, kisha pitisha kiganja chini ya kiuno: kinapita bila shida. Bega na nyonga vimebeba uzito wote, kiuno kinaning'inia bila kushikwa na chochote, na misuli yake inafanya kazi ya kukishikilia usiku kucha badala ya kupumzika. Ukilala chali, hali ni hiyo hiyo kwenye bonde la mgongo. Godoro lenye kufaa hubonyea pale palipotokeza na hujaza pale palipoingia. Likiwa laini kupita kiasi, kitako huzama na uti wa mgongo hupinda. Likiwa gumu kupita kiasi halishiki chochote. Tunachotafuta kiko katikati, na godoro la upepo lina sifa ambayo godoro la sponji halina: unaweza kulirekebisha ukiwa umelala juu yake. Anayelikaza hadi mwisho anaitupa faida hiyo pekee aliyoilipia. Tena sehemu ya juu ya godoro lililokazwa huvimba katikati, kwa hiyo mwili hutaka kuteleza pembeni na mtu hujishikilia asianguke hata akiwa usingizini.

Hapo najibiwa: "Lakini wazee wetu walilala kwenye mkeka na hawakuumwa." Waliumwa. Mwulize bibi yeyote wa huku Kigoma aliyeinama na jembe kwenye shamba la mahindi na maharage tangu utotoni, atakuonyesha kwa kidole panapouma. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeyaandika maumivu yao. Na mkeka wao haukutandikwa juu ya saruji. Chini yake palitandazwa nyasi, na nyasi hubonyea. Kule pwani kitanda cha kamba hubonyea pia. Saruji tupu tumejiletea sisi.

Kuna jambo linalonifanya nisinyamaze kuhusu imani hii. Mtu anayeamini kwamba ugumu ni tiba huchelewa kutafuta tiba. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika kwa dawa ukiwahiwa, na unaoweza kupoozesha miguu ukicheleweshwa. Miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au kutoka wenyewe: hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna godoro, gumu wala laini, litakaloyatibu.

Basi, namna ya kulijaza. Lijaze likaze. Lala kwa ubavu, fungua kizibo, achia hewa kidogo kidogo mpaka bega na nyonga vizame na kiuno kiguse godoro. Mwenzako asimame nyuma yako aangalie: uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi kwenye kitako uwe mstari mmoja ulionyooka. Kisha apitishe kiganja chini ya godoro usawa wa nyonga yako. Akihisi nyonga inamkandamiza sakafuni, umeachia mno, ongeza kidogo. Ukikaa pembeni mwa godoro na makalio yakagusa chini, usijali. Hukulinunua la kukalia.

Baridi nayo huchanganywa na maumivu ya mgongo, kwa sababu misuli iliyopigwa baridi huamka imekakamaa. Watu wa Kibondo na Kasulu huongeza blanketi la tatu juu na bado wanatetemeka. Joto linapotelea chini. Ndani ya godoro la upepo kuna nafasi kubwa, hewa inazunguka humo, inachukua joto la mwili na kulipeleka kwenye sakafu baridi. Blanketi la juu haliwezi kuzuia hilo. Chukua moja kati ya hayo matatu ulitandike juu ya godoro, chini ya shuka, na mkeka au jamvi uuweke chini ya godoro lenyewe. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama mkaa umeshika vizuri na hauna moshi. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na imeua familia nzima zikiwa usingizini.

Ukienda dukani, angalia haya. Godoro lenye vyumba vingi ndani, au mishipa inayopita urefu wake, ni bora kuliko lenye mfuko mmoja mtupu. Mkiwa wawili, nunueni mawili ya mtu mmoja mmoja, kwa sababu kwenye moja kubwa mzito akigeuka mwepesi hurushwa, na akitulia mwepesi humporomokea. Mjamzito na mzee mwenye magoti mabovu wachukue lile refu kwenda juu, waweze kuinuka. Lenye kitambaa cha mahameli juu halitelezi wala halitoi jasho kama plastiki tupu. Soma uzito ulioandikwa. Pampu iwe ya mguu au ya mkono yenye mdomo mpana. Ya baiskeli imeundwa kusukuma hewa kidogo kwa nguvu nyingi na utachoka kabla godoro halijainuka, na ya umeme haina kazi mahali umeme ulipokatika. Usipulize kwa mdomo: kichwa kitakuzunguka na unyevu wa pumzi utaotesha ukungu ndani. Fagia sakafu kabla ya kutandika, maana changarawe moja inatosha kulitoboa. Chandarua kiende nawe na upindo wake uchomekwe chini ya godoro pande zote, kwa sababu Kigoma ina malaria nyingi na mtu aliyelala chini hasalimiki na mbu. Mtoto mchanga asilazwe juu ya godoro la upepo, hata kwa dakika chache, hata katikati ya wazazi: uso wake ukizama hana nguvu ya kujigeuza, na watoto wamekufa hivyo.

Likitoboka kweli, anza na kizibo, kwani hapo ndipo panapovuja mara nyingi. Kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio, utaona mapovu. Gundi na kiraka cha tairi la baiskeli vimetengenezwa kwa mpira na kwenye plastiki ya aina hii havishiki vizuri. Tumia kiraka kilichokuja na godoro, futa vumbi, kausha, bandika godoro likiwa halina hewa, na uliache lilale hivyo saa kadhaa kabla ya kulijaza tena.