Maji ya Washington na Maji ya Qurus

Wako wasomaji watakaouliza: roboti na mkulima wa mbaazi wa Qurus wana habari gani? Tunawaomba wavumilie kidogo, maana habari wanayo, tena kubwa.

Mwezi wa Julai 2017 vijana wa shule za sekondari kutoka nchi zaidi ya 150, nyingi za Afrika zikiwamo, walikutana mjini Washington, Marekani, katika mashindano ya FIRST Global. Kila nchi ilikuwa imepelekewa sanduku la vifaa vya namna moja, ili tajiri asimshinde maskini kwa fedha zake. Roboti waliiunda wenyewe. Uwanjani ilimwagwa mipira ya rangi mbili: ya buluu ilihesabiwa kuwa maji safi, ya rangi ya chungwa kuwa uchafu. Kazi ilikuwa kuitenga. Tena hapana nchi iliyocheza peke yake. Tatu zilifungwa pamoja kushindana na tatu nyingine, na mshindani wako wa asubuhi aliweza kuwa mwenzako jioni. Sisi twaona hilo lapita nishani zote.

Basi tazameni. Jambo waliloliigiza watoto wale kwa mipira, mama wa Karatu hulibeba kila siku katika ndoo. Na yuko mtu wa upande huo aliyelishughulikia kwa kweli: Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, mwalimu wa Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, aliyebuni chujio la mchanga lililoongezwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya uhandisi ya Afrika, ya kwanza kutolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na paundi 25,000.

Kwa hiyo hatukubaliani na wasemao kwamba mashindano haya ni ya shule za mjini. Kijana wa Qurus hakupungukiwa akili; amepungukiwa sanduku. Na sanduku moja laweza kutumiwa na shule tatu kwa zamu (wala zamu si aibu, sisi tulisoma watoto watatu kitabu kimoja). Tungependa shule za kata za Karatu zianze na shindano la nyumbani, na kazi yake isiwe mipira, bali kifaa cha kupima maji tangini na kuiwasha pampu chenyewe yanapopungua. Waamuzi wawe akina mama wenye ndoo.