Kuongeza si Kuanuwaisha

Mtu asimamaye Kihonda huitazama milima ya Uluguru upande wa kusini. Huko milimani Mluguru hupanda migomba, mihogo, maharage, mboga na matunda. Bondeni mambo yalikuwa mengine: tambarare za Morogoro zilijaa katani, safu kwa safu, baada ya zao hilo kuingizwa nchini mwaka 1893.

Katani iliongezwa kweli kweli. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaenea ulimwenguni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Wakataji waliotegemea mkonge pekee hawakuwa na zao jingine la kushika.

Twayakumbusha hayo kwa sababu ya neno. Hata leo mkulima huambiwa mkutanoni, “Ongeza mazao.” Naye, kwa haki kabisa, huongeza ekari za zao lile lile. Mwenye kusema alikusudia aina, msikilizaji amesikia wingi. Na gharama ya kutoelewana huko hulipwa na msikilizaji.

Basi tuseme nini? Wengine hupendekeza “kuchanganya”, lakini aliyechanganya mbegu ghalani amezivuruga tu. “Kuseta” hakufai, maana ni kuponda, ingawa humo ndimo lilimotoka jina la mseto, kile chakula cha mchele na choroko. Na “kilimo mseto” kimekwisha kupewa kazi yake, ya kupanda miti pamoja na mazao.

Lipo neno “anuwai”, lenye asili ya Kiarabu, maana yake aina mbalimbali. Kama rahisi ilivyozaa kurahisisha, anuwai yaweza kuzaa kuanuwaisha: kuzidisha aina za kitu. Nakiri kwamba ni zito mdomoni. Lakini kutaifisha nako kumetokana na taifa, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 hapakuwa na kijiji kisichokujua.

Kitendo hiki hutaka kitajiwe kitu chake: kuanuwaisha mazao, kuanuwaisha bidhaa, kuanuwaisha masoko. Kusema “tuanuwaishe” kisha kunyamaza ni kumwacha mtu njia panda. Wala kisitumiwe mahali pa kubadili. Mwenye kung’oa katani yote akapanda alizeti tupu amebadili zao. Aina shambani mwake ingali moja.