Mtu wa Korintho na mke wa baba yake

Katika Agano Jipya zima ni vigumu kupata kesi ya mwenendo iliyoandikwa kwa ukali kama ile ya sura ya 5 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Muumini mmoja anaishi kinyumba na mke wa baba yake. Habari zimevuka bahari na kumfikia Paulo akiwa Efeso, katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo. Lakini aliowashukia hasa si yule bwana, ni usharika wenyewe, ambao badala ya kuomboleza ulikuwa unajivuna.

Wahubiri wengi wakifika hapa hukimbilia sifa mbaya za mji: hekalu la Afrodite na makahaba wake elfu moja. Habari hiyo ni ya Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, naye alikuwa akisimulia Korintho ya kale, ile iliyobomolewa na Warumi mwaka 146 KK. Wanahistoria wengi wa leo wanaitilia shaka hata kwa mji huo. Korintho ya Paulo ilikuwa koloni la Kirumi, lililoanzishwa upya na Julius Kaisari mwaka 44 KK, na walowezi wake wengi walikuwa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa mji wa bandari, wenye mambo yote ya bandari. Hata hivyo sheria ya Kirumi nayo ilimkataza mtu kumwoa mama yake wa kambo. Ndiyo maana Paulo anashangaa: jambo wanaloonea haya hata wapagani linatendeka kanisani, na watu wanatembea kifua mbele.

Walijivunia nini? Sura ya 6 inatoa fununu. Humo Paulo anajibu msemo ambao wafafanuzi wengi wanaamini ulikuwa midomoni mwao, kwamba kwao kila kitu ni halali. Inawezekana kabisa msemo huo waliuokota kwake yeye mwenyewe, maana ndiye aliyefundisha kuwa mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, na akapigania watu wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa. Wao wakaongeza hatua moja: kama Torati haituokoi, basi haituhusu. Katika Warumi 6 anakutana tena na hoja ya aina hiyo, kwamba watu waendelee kutenda dhambi ili neema izidi, naye anaikataa papo hapo. Hoja yenyewe haikufa. Mwaka 1539 Martin Luther, mhubiri wa neema kama alivyokuwa, alilazimika kuandika dhidi ya Johannes Agricola, mwanafunzi wake wa zamani, aliyetaka sheria iondolewe kwenye mahubiri ya toba.

Paulo, basi, aliitumiaje sheria? Marufuku ya kulala na mke wa baba imo katika Walawi 18:8, na adhabu yake, kwa Walawi 20:11, ni kifo kwa wote wawili. Marufuku anaichukua ilivyo, hapunguzi nukta. Adhabu ndiyo anayoigeuza. Anaifunga sura kwa agizo la Kumbukumbu la Torati la kumwondoa mwovu katikati ya watu, ambalo huko mara nyingi hufuatana na hukumu ya kifo. Kwake linakuwa kutengwa, watu wasile naye. Na shabaha, anasema katika mstari wa 5, ni roho ya mtu huyo iokolewe. Neema imo ndani ya adhabu yenyewe, haikusubiri iishe.

Tunalipita haraka mno jambo jingine. Mwanamke hapewi adhabu yoyote. Yamkini hakuwa muumini, na Paulo anasema waziwazi kwamba kuwahukumu walio nje si kazi yake. Anayewajibishwa ni mwanamume.

Sura ya 6 inageukia wanaume waliokuwa wakienda kwa makahaba. Ungetegemea hapo Paulo afungue Amri Kumi. Hafungui. Anaanzia Mwanzo 2, watu wawili kuwa mwili mmoja, kisha anawaambia kwamba wao si mali yao wenyewe, wamenunuliwa kwa bei. Maneno hayo yasome ukiwa mtumwa, maana sura ya 7 inaonyesha kwamba watumwa walikuwemo usharikani. Kwa sheria ya Kirumi mtumwa hakuwa na mwili wa kuuita wake. Bwana wake aliweza kumtumia kitandani au kumpeleka danguroni, na asiwe na kosa. Leo anasikia kuwa mwili huohuo ni hekalu, na mwenye nao ni Kristo. Paulo hasemi mtumwa afanye nini bwana wake akimwita usiku, na ukimya huo mimi hunisumbua. Lakini anaendelea, katika sura ya 7, kumpa mke mamlaka juu ya mwili wa mumewe sawasawa na ya mume juu ya mkewe, jambo ambalo wanaume wengi wa zama zile hawakutarajia kulisikia.

Mapema katika sura ya 6 kuna ile orodha maarufu ya wasiourithi ufalme wa Mungu. Wengi huisoma kama orodha ya dhambi za kitandani. Wamo pia wezi, wachoyo, walevi, watukanaji na wanyang'anyi, tena mara baada ya Paulo kuwakemea ndugu wanaoshitakiana mahakamani. Mstari wa 11 unawakumbusha wasikilizaji kwamba baadhi yao walitoka humohumo, wakaoshwa.

Sharika nyingi za Afrika Mashariki zimeipindua sura ya 5. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, anatengwa na Meza ya Bwana, kisha siku ya kurudi kundini anasimamishwa mbele ya watu wote. Kijana aliyempa mimba mara nyingi yuko kwaya, anaimba besi. Aliyekula fedha za ujenzi anaombewa. Huo si ukali wa Paulo, wala si neema yake. Wazee wa kanisa, kikao kijacho cha nidhamu anzeni kwa kumwita mwanamume, na mkisoma orodha ile msiishie mstari wa 10.