Bonsai ya Kinamasi Kando ya Ziwa

Jamii ya misonobari ina miti michache inayopukutisha majani, na Afrika Mashariki haina hata mmoja wa asili. Mtarakwa na podo hubaki kijani mwaka mzima. Kwa hiyo anayetaka kulea bonsai ya namna hiyo Luanda Kotieno, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, pale feri ya Mbita inapotia nanga, lazima alete mgeni, na ni lazima achague vizuri.

Asilete lachi, hata kama Wajapani na Wazungu wanaipenda. Macho yake hufunga siku zinapofupika, kisha hungoja majuma ya baridi kali ndipo yafunguke sawasawa. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa joto, na huku ikweta urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Lachi haiambiwi lini ilale wala lini iamke. Huchipua ovyo, tawi hili likiamka na lile likikauka, mpaka nguvu zake ziishe.

Anayefaa ni saiprasi ya kinamasi kutoka kusini mwa Marekani, au bora zaidi ndugu yake wa Mexico, ambaye kwenye joto hubaki na majani karibu mwaka mzima. Mbegu zikitoka nje, kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, hutafutwa kabla hazijasafirishwa.

Mti huu huvumilia maji kupita bonsai nyingi. Uweke chungu kwenye beseni, maji yafike nusu ya kimo chake. Hapo ndipo penye hatari: ufuoni kwetu malaria ni ya kweli, na kiluwiluwi anaweza kuwa mbu kwa muda wa juma moja hivi. Yamwage maji kila baada ya siku 3, usugue beseni, ujaze upya. Chungu kiwe cha udongo wa mfinyanzi. Kopo jeusi la plastiki huchemsha mizizi saa nane mchana. Ndani tia kokoto na matofali yaliyopondwa, vumbi likiwa limechekechwa likatoka.

Nguvu zake hukimbilia juu. Kata kilele bila huruma, matawi ya chini uyaache yanenepe, na baada ya miaka kitako cha shina hutanuka. Waya nao ukaguliwe kila wiki, kwa sababu mti usiopumzika hunenepa haraka na waya huzama kwenye gome.

Na kupumzika je? Huko Batu, Java Mashariki, wakulima wa tufaha huondoa majani kwa mkono baada ya mavuno, mti ukachipua upya bila baridi yoyote. Saiprasi yenye afya inaweza kufanyiwa hivyo mwishoni mwa Februari, ili machipukizi yakutane na mvua ndefu. Mara moja kwa mwaka inatosha, na kamwe si mwaka uleule wa kubadilisha chungu. Mti dhaifu usiguswe. Mimi ningeuacha na majani yake makuukuu hata yakiwa na sura mbaya.

Asiyetaka shughuli za vibali ana mkwaju. Si msonobari, ila unastahimili chungu, vijani vyake ni vidogo tangu asili, na kiangazi kikikaza hupukutika wenyewe.