Mamluki ni nani katika michezo ya shule zetu?

Liko neno moja ambalo limezoeleka mno katika viwanja vya michezo vya shule zetu, hata halishtui tena sikio. Neno lenyewe ni mamluki. Nililisikia tena majuzi nilipokwenda kuwaona jamaa zangu karibu na Suam, pale mpakani ambapo Mlima Elgon huwanyeshea mvua Wakenya na Waganda pasipo kuwauliza vitambulisho. Shule moja ya kutwa ilikuwa imealika wageni katika mchuano wa kandanda. Wageni hao, waliotoka katika shule ya kibinafsi yenye basi lake na jezi mpya, waliwafunga wenyeji mabao sita kwa nunge. Kipenga cha mwisho kilipolia, mwalimu wa michezo wa shule iliyoshindwa alinigeukia akasema, "Daktari, sisi leo hatukucheza na wanafunzi. Tumecheza na mamluki."

Kauli hiyo si ngeni kwa walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu. Kila msimu wa mashindano ya Chama cha Michezo ya Shule za Upili (KSSSA) unapowadia, malalamiko huzuka upya katika majumba ya walimu kuanzia Kitale hadi Bungoma. Wapo wanaopendekeza kwamba shule za umma na za kibinafsi zitenganishwe kabisa, kila kundi liwe na kombe lake, ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge.

Mlalamikaji ana hoja, nayo yastahili kusikilizwa. Shule ya kibinafsi humteua mwanafunzi imtakaye, humsamehe karo ikipenda, na humwajiri kocha asiyefundisha somo lolote darasani. Mwalimu wa michezo wa shule ya kutwa, kwa upande wake, ameajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu (TSC) kufundisha Kiswahili na historia. Hana budi kusahihisha rundo la insha kwanza, ndipo saa kumi jioni avae viatu vya mazoezi. Wanafunzi wake nao saa hiyo wanalitazama jua, maana baadhi yao wana mwendo wa saa nzima hadi nyumbani, na huko ng'ombe wanasubiri kukamuliwa.

Hata hivyo, hoja yenye ukweli ndani yake yaweza kutufikisha kwenye hukumu isiyo ya haki. Hebu tuyatazame majina ambayo mtoto wa maeneo haya hukua akiyasikia. Katika kandanda ni St. Anthony's ya Kitale, Kakamega High na Musingu. Katika mpira wa magongo ni Friends School Kamusinga, kule Kimilili katika Kaunti ya Bungoma. Katika kandanda ya wasichana ni Wiyeta, papa hapa Trans Nzoia. Shule zote hizo ni za umma. Ni kweli kwamba shule za kibinafsi nazo zina fahari yao: Laiser Hill Academy ya Ongata Rongai imetamba katika mpira wa vikapu, na ng'ambo ya mpaka wetu, St. Mary's Kitende ya Uganda imewatoa wengi jasho katika kandanda ya shule za Afrika Mashariki. Lakini atakayesema kwamba vikombe vyetu vimetekwa na shule za kibinafsi atakuwa amezisahau kabati za vikombe zilizo karibu naye.

Sizinyoshei kidole shule nilizozitaja. Nisemalo ni kwamba kazi ya kuwasaka vipaji vijijini haifanywi na shule za kibinafsi peke yake. Shule kubwa ya umma yenye mabweni nayo yaweza kumtuma mtu kutazama mashindano ya kaunti ndogo, na kinda akionekana, barua ya kuhama hupatikana kabla muhula haujakwisha.

Isitoshe, si kila shule ya kibinafsi ni tajiri. Ukiiacha barabara itokayo Kitale kwenda Endebess na Suam, ukaingia ndani vijijini, utazikuta akademia za mabati zilizoanzishwa na mwalimu mstaafu au na kanisa dogo. Hizo hazipati mgao wa serikali, hazina uwanja, na huazima ule wa shule ya msingi ya jirani. Je, tukizitenga shule za kibinafsi, tutaziweka shule hizi kundi moja na zile zenye kidimbwi cha kuogelea na kocha wa kigeni? Huo utakuwa uonevu mpya uliovishwa jina la haki.

Nionavyo mimi, mpaka wa kweli haupiti baina ya umma na binafsi. Wapita baina ya shule iwezayo kuchukua, na shule isiyoweza ila kuchukuliwa.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nairudia ile kauli ya mwalimu. Neno mamluki lilitujia kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa miliki, milki na malkia. Maana yake ya asili si mdanganyifu, wala si askari wa kukodiwa kama tulitumiavyo sasa, bali ni mtu aliyemilikiwa. Mamluki wa kale walikuwa watumwa waliofunzwa vita. Kule Misri walifikia hata kuutwaa utawala mwaka 1250, wakaushika hadi 1517, lakini jina lao liliendelea kukumbusha kwamba hapo mwanzo walikuwa watu wa mtu. Sisi tumeligeuza neno hilo likawa tusi la kumtupia kijana, ilhali lenyewe latutaka tuulize: ni nani aliyemmiliki?

Nina sababu ya kuuliza. Nilisoma katika shule ya kutwa katika miaka ya 1990, na darasani mwetu alikuwamo winga ambaye mabeki wa wilaya nzima walimhofia. Alipokuwa kidato cha pili alichukuliwa na shule moja kubwa ya umma, nje ya wilaya yetu, kwa ahadi ya kusamehewa karo. Tulimsindikiza hadi kituo cha matatu kwa nyimbo. Mwaka uliofuata aliumia goti katika mechi. Muhula ulipoanza tena aliambiwa alete karo kama wenzake, na babake hakuwa nayo. Alirudi kijijini, akaona haya kuvaa sare yetu ya zamani, na hakuufanya mtihani wa KCSE. Timu yetu nayo, tangu aondoke, haikuvuka tena mashindano ya tarafa. Siku hizi hupakia magunia ya mahindi kwenye malori, na goti humsumbua wakati wa baridi.

Msomaji atambue kwamba hapakuwa na udanganyifu wowote. Jina lake lilikuwa katika sajili, umri wake ulikuwa halali, barua yake ya kuhama ilikuwa na mhuri. Kanuni zote zilifuatwa, na bado kijana alipoteza masomo, nayo shule iliyomlea ikapoteza timu. Tukiendelea kupima haki kwa vyeti vya kuzaliwa na barua za kuhama peke yake, tutawakamata wadanganyifu wachache na kuuacha uonevu wenyewe ukipita mlangoni kichwa juu.

Tuje kwenye fedha. Mpango wa serikali wa elimu ya bure katika shule za upili za kutwa ulianza mwaka 2008 kwa Sh10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwaka 2018 kiwango hicho kilipandishwa hadi Sh22,244, na ndani yake Sh1,500 zikatengewa michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Sasa na tuzidishe. Shule ya umma yenye wanafunzi 150 hupata, kwenye karatasi, Sh225,000. Shule ya umma yenye wanafunzi 1,500 hupata Sh2,250,000. Lakini zote mbili huingiza uwanjani wachezaji kumi na mmoja, na gari la kukodi kutoka Suam hadi Kitale halipunguzi bei kwa sababu shule ni ndogo. Tena fedha zenyewe mara nyingi huchelewa, na shule kubwa yaweza kuvumilia kuchelewa huko kuliko ndogo. Huo ni usawa wa hesabu, kila kichwa na chake, lakini si haki. Na tofauti hiyo ya mara kumi i baina ya shule mbili za umma. Ya kibinafsi haijatajwa bado.

Nchi yetu imekwisha kukumbana na swali kama hili, ingawa lilihusu nafasi za masomo na si michezo. Serikali ilipoweka mgao wa nafasi katika shule za kitaifa ili wanafunzi waliotoka shule za msingi za umma wapate nafasi nyingi zaidi, waliopinga walikwenda kortini wakidai kwamba watoto wa shule za kibinafsi wanabaguliwa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ililikataa ombi lao. Funzo la uamuzi huo ni kwamba si kila tofauti ni ubaguzi, na kwamba kuwatendea sawasawa watu wasiolingana kwaweza kuwa ndiko kuonea.

Huko Marekani, ambako ubishi wa shule za umma na za kibinafsi michezoni ni wa miaka mingi, jimbo la Illinois liliamua mwaka 2005 kuizidisha kwa 1.65 idadi ya wanafunzi wa shule zisizofungwa na mipaka ya eneo katika kuandikisha, ili zipangwe na shule kubwa kuliko zenyewe. Shule hizo hazikufukuzwa, zilipandishwa daraja. Kilichotazamwa hapo ni uwezo wa kuchukua wanafunzi kutoka popote, wala si jina la mwenye shule.

Mwenzangu mmoja wa chuoni aliposikia fikira zangu alinikosoa. "Wewe wataka maskini abaki alipo," alisema. "Kwa kijana wa mpakani, mpira ndio ngazi ya pekee. Akichukuliwa na shule yenye bweni na maabara, mshukuru Mungu, usimfungie mlango." Hoja hiyo ni nzito, na mimi simfungii mtu mlango. Nataka tu ngazi aliyopandishwa isiondolewe siku atakapoteguka goti, na waliomnyanyua mara ya kwanza wasiachwe mikono mitupu.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza ni mkataba. Shule yoyote, iwe ya umma au ya kibinafsi, itakayomchukua mwanafunzi kwa ajili ya michezo iahidi kwa maandishi, mbele ya afisa wa elimu wa kaunti ndogo, kwamba masharti ya karo hayatabadilika hadi mtihani wa mwisho, awe mzima au ameumia. Mkataba huo uandikwe kwa Kiswahili, na mzazi asomewe kwa lugha ya nyumbani kwake, iwe Kisabaot, Kibukusu au Kipokoti. Ahadi iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mtu si ahadi.

La pili ni fidia. Shule inayompoteza mchezaji ipewe mipira, nyavu na njumu na shule inayompokea. Vilabu vya soka ulimwenguni huwalipa wale waliomlea mchezaji. Sioni kwa nini shule ya kutwa ya Endebess au ya Cheptais ilee bure.

La tatu ni madaraja. Katika ngazi za kaunti ndogo na kaunti, shule zipangwe kwa idadi ya wanafunzi na kwa uwezo wa kuandikisha kutoka mbali, si kwa umma na binafsi. Akademia ya mabati icheze na shule ya kutwa ya jirani. Shule kubwa ya mabweni, ya serikali au ya mtu, icheze na wakubwa wenzake. Na bingwa wa daraja la chini apewe nafasi ya kuwakabili wakubwa akitaka.

Jambo hili si la kuahirishwa. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walijiunga na sekondari ya juu mwaka 2026, na mmoja wa mikondo mitatu wanayoichagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Michezo si burudani ya jioni tena. Ni somo, na kwa wengine ni riziki ya kesho. Kadiri thamani ya kipaji inavyopanda, ndivyo watakaotaka kukimiliki watakavyoongezeka.

Siku ile karibu na Suam, baada ya mwalimu kuondoka, nilimwendea mshambuliaji wa wageni aliyekuwa amefunga mabao matatu. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," nami nikamwuliza kwao ni wapi. Alinyosha mkono akanionyesha kilima cha pili kutoka pale tuliposimama. Mamake huuza mboga sokoni papo hapo mpakani, na hadi mwaka uliopita alikuwa mwanafunzi wa ile ile shule aliyokuwa ameifunga. Nilimwuliza itakuwaje akiumia. Aliutazama mguu wake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona, akanijibu, "Sijui, mwalimu. Hawakusema."

Hilo ndilo jibu ambalo walimu, wakuu wa shule na wasimamizi wa michezo wanadaiwa. Kijana huyo si wa shule ya umma wala ya kibinafsi kwanza. Ni mtoto wa kilima kile. Siku atakapojua kwamba aweza kuvunjika mguu bila kuvunjika masomo yake, hapo ndipo neno mamluki litakapokosa wa kumwita.